Goti Linahitaji Kusogea: Mazoezi ya Majini kwa Watoto Wenye Hemofilia

Haya ni mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya wazazi, walimu na wahamasishaji wa afya ya jamii mjini Kisii, katika juma la Siku ya Hemofilia Duniani. Yamefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida hili.

 

Kwanza nikiri kwamba mimi si daktari. Nilisomea uanahabari, na siku nyingi mnaniona nikiwa na kamera nyuma ya waheshimiwa. Wataalamu wa tiba ya viungo wameketi hapa mbele na watanirekebisha nikiteleza. Nimeombwa kuzungumza kwa sababu nyingine: hemofilia imo katika ukoo wa mama yangu.

Mtoto wa mama yangu mkubwa ni kaka yangu. Kwetu hatuna neno la kumweka mbali zaidi ya hapo. Goti lake la kushoto lilivimba mara ya kwanza akiwa na miaka minne hivi. Wapo waliosema ameanguka, wapo waliosema amerogwa. Alipewa vidonge vya maumivu vya dukani, na leo tunajua kwamba baadhi ya vidonge hivyo, kama aspirini, huzidisha kuvuja damu. Kisha ikatolewa amri nyumbani: asiguswe, asitembezwe, asitumwe. Alikalishwa kwenye kigoda chini ya mparachichi, sisi wengine tukicheza. Kila goti lilipovimba alikaa wiki mbili, wakati mwingine tatu. Uvimbe ulipungua, lakini kila mara goti lilinyooka kidogo kuliko awali. Alipofika miaka kumi na miwili lilikuwa limekunjika vile vile alivyozoea kuketi, na hivyo ndivyo lilivyo hadi sasa. Anatengeneza simu hapa mjini na anatembea kwa gongo.

Hakuna mtu aliyemtakia mabaya. Magokoro wetu alimbebea chakula hadi pale kigodani kwa mikono yake. Tulimpenda, na tulimkalisha kwa sababu tulimpenda.

Sasa kuna mtoto wa dada yangu. Ana miaka tisa, ana hemofilia ile ile, na goti lililoanza kusumbua ni lile lile la kushoto. Kila siku ya shule anateremka mlima kwa miguu yake. Kati yake na mjomba wake kuna tofauti ya dawa, na hiyo ndiyo kubwa. Lakini kuna tofauti nyingine ambayo haizungumzwi sana, nayo ndiyo iliyonileta hapa.

Niieleze hemofilia kwa maneno machache. Damu ina protini zinazoifanya igande tunapoumia. Mwenye hemofilia amezaliwa na upungufu wa mojawapo: ile inayoitwa fakta ya 8, au ile ya 9. Si kweli kwamba damu yake inatoka kwa kasi kuliko ya mtu mwingine. Inatoka kwa muda mrefu zaidi. Karibu wote wanaougua vibaya ni wanaume. Mara nyingi ugonjwa hupitia kwa mama, ingawa takriban theluthi moja ya wagonjwa wanatoka katika familia zisizo na historia yoyote ya ugonjwa huu, kwa hiyo tuache kuwanyooshea kidole wake zetu na dada zetu. Aina ile ya kwanza hupatikana kwa takriban mvulana 1 kati ya kila 5,000 wanaozaliwa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira. Ukipiga hesabu ya kawaida, ungetarajia wavulana na wanaume zaidi ya 100 wenye hemofilia hapa Kisii pekee. Wako wapi? Wengine tunawagundua Desemba, wakati wa chisaro, kidonda kinapokataa kukauka. Hilo lina siku yake. Leo niseme tu kwamba ikiwa upande wa mama kuna mjomba au binamu aliyewahi kutokwa na damu bila kukoma, mtoto apimwe kabla ya kisu.

Watu wakisikia hemofilia hufikiria kidonda cha nje. Madhara yanayomlemaza mtoto mara nyingi hayaonekani, kwa sababu damu inavujia ndani ya kiungo: goti, kifundo cha mguu, kiwiko cha mkono. Madini ya chuma yaliyomo katika damu hiyo huchokoza utando wa ndani wa kiungo. Utando unavimba, unaota mishipa midogo dhaifu, na mishipa hiyo inavuja tena kwa urahisi. Polepole inaliwa gegedu, ile sehemu laini inayofunika ncha za mifupa na kuifanya iteleze. Na huku mtoto amekaa, misuli ya paja inakonda. Misuli ya paja ndiyo inayoshikilia goti. Ikikonda, goti linayumba. Likiyumba linaumia, likiumia linavuja, likivuja tunamkalisha tena. Kaka yangu alizunguka humo kwa miaka minane.

Mtaniambia, basi atembee. Atembee wapi? Tunaijua ardhi yetu. Ukitoka nyumbani Gusii, unapanda au unateremka; tambarare ni ya kutafuta. Kuteremka ndiko kunakoumiza zaidi, kwa sababu kila hatua uzito wote wa mwili unatua kwenye goti moja, na mvua ikinyesha njia ni utelezi mtupu. Kwa mtoto ambaye goti lake limetoka kuvuja juzi, njia ya kwenda shule peke yake yaweza kuwa zoezi kupita kiasi.

Hapo ndipo maji yanapoingia. Kila mtu aliyewahi kuteka maji mtoni analijua jambo hili hata kama hakulisoma darasani. Ndoo iliyojaa, ikiwa bado imezama, unaisogeza kwa vidole viwili. Ikitoka juu ya maji tu, bega linalia. Mwili wa mtoto ni vivyo hivyo. Maji yakimfika kiunoni, miguu inabeba takriban nusu ya uzito wake. Yakimfika kifuani, takriban theluthi. Yakimfika shingoni, kama sehemu moja ya kumi tu. Mtoto wa kilo 30 aliyesimama kwenye maji ya kifuani, magoti yake yanadhani ana kilo 10. Anaweza kutembea, kukunja na kunyoosha goti, kufanya kazi yote ambayo misuli inahitaji, bila ule mtikisiko wa kuteremka mlima.

Na maji yana adabu. Ukiyasukuma polepole yanakupisha. Ukiyasukuma kwa nguvu yanakukataza. Mtoto dhaifu anapata upinzani mdogo, mwenye nguvu anapata mkubwa, katika bwawa moja. Maji pia yanaubana mguu kote sawasawa, jambo linalosaidia uvimbe mkavu wa zamani, na yakiwa na uvuguvugu misuli iliyokaza inalegea. Mabwawa ya tiba hospitalini, kwenye nchi zilizo nayo, hupashwa moto hadi nyuzi 33 au 35 hivi.

Sisi hatuna bwawa la nyuzi 33. Tuna la hoteli, la wazi, na Kisii iko juu ya mita 1,700. Nitawaambia tulivyofanya, kwa sababu mnaweza kufanya vivyo hivyo.

Mtaalamu wa tiba ya viungo alimkagua kijana wetu, akampima goti linavyokunjika na kunyooka, akatuandikia mazoezi. Nikaenda kwa mwenye hoteli. Aliponisikia akauliza, "Madam, na akitokwa na damu humo ndani, wageni wangu watasema nini?" Sikumlaumu, ni swali ambalo wengi wangeuliza. Nikamweleza kwamba damu ya mtoto huyu inavujia ndani ya goti, na kwamba hata angepata mchubuko angetolewa majini mara moja kama mtoto mwingine yeyote. Hemofilia haiambukizi, si kwa maji, si kwa kugusana. Alikubali kwa masharti mawili: tulipe kama wageni wengine, na mtu mzima awe majini pamoja naye. Hilo la pili tungeliweka sisi wenyewe.

Huyo mtu mzima ni mimi, ambaye sijui kuogelea. Nimekulia Kisii, nani angenifundisha? Lakini mazoezi haya si kuogelea. Tunakwenda Jumamosi kama saa tano, jua likishapasha maji na kabla mvua ya alasiri haijafika. Kijana anavaa patipati hadi ukingoni, kwa sababu sehemu ya hatari zaidi ya bwawa ni ile sakafu yenye maji maji kando yake. Anashuka kwa ngazi. Kuruka ndani ni marufuku, na hilo bado tunagombania kila wiki. Maji yanamfika kifuani. Anatembea mbele, kisha kinyumenyume, kisha kwa ubavu kama kaa. Anashika ukingo, anainua goti, anaukunja mguu, anaunyoosha, taratibu, mara kumi kila mguu. Anasimama kwa vidole, anashuka kwa visigino, kwa ajili ya vifundo. Anatandaza mikono na kuikusanya kifuani, kwa ajili ya viwiko. Teke la chura tuliambiwa tuliache kwa sasa, maana linapinda goti kwa upande. Baada ya robo saa, au midomo ikianza kutetemeka hata kabla ya hapo, anatoka, anajikausha, anavaa sweta. Baridi inakaza misuli, na hapo faida yote inapotea.

Wiki ya tatu aliniambia, "Mama mdogo, nikiwa humu nasahau goti." Niliandika maneno hayo kwenye simu.

Hajapona. Maji hayaponyi hemofilia, na atakayewaambia hivyo mumkimbie. Ila goti linanyooka karibu lote, na paja la kushoto limeanza kufanana na la kulia.

Hapa naomba mnisikilize vizuri kuliko mahali pengine popote, kwa sababu ukikosea hapa maji yatadhuru. Goti linalovuja sasa hivi halipelekwi majini. Mtoto mwenyewe huwa wa kwanza kujua: anahisi mchonyoto au joto ndani ya kiungo kabla uvimbe haujaonekana. Mdogo asiyeweza kusema ataanza kuchechemea, au atakataa kutumia mkono. Mwaminini. Hapo mazoezi yanasimama. Kama ana dawa yake, adungwe mapema iwezekanavyo, bila kungoja hadi goti liwe kama boga. Kiungo kipumzike, kiinuliwe, kiwekewe barafu iliyofungwa kwa kitambaa kwa dakika 15 au 20, na apelekwe hospitali. Asikandwe kwa maji moto, asichuliwe, asidungwe sindano ya kwenye msuli, asipewe aspirini wala dawa za maumivu kama ibuprofeni ambazo daktari wake hakuziidhinisha. Uvujaji ukikoma, maumivu na uvimbe yakipungua, ndipo mtaalamu atasema lini arudi majini. Kupumzika kuna siku zake, na siku hizo zina mwisho. Kaka yangu alipewa mapumziko yasiyo na mwisho.

Dada yangu ana futi ya fundi wa nguo. Asubuhi ya siku ya mazoezi anapima mzingo wa goti, jioni anapima tena, anaandika kwenye daftari. Goti likizidi la asubuhi, anapiga simu. Daftari hilo limesaidia kuliko maelezo yangu yote kwa madaktari.

Niliahidi nisiwapambie habari. Nilipotafuta ushahidi nilikuta mapitio ya Cochrane ya 2016 kuhusu mazoezi na hemofilia. Tafiti zilizotosha viwango zilikuwa 8 tu, zenye washiriki 219 kwa jumla, na si zote zilihusu maji. Baadhi zilionyesha kwamba mazoezi ya majini yalipunguza maumivu kwa watu wazima, na hakuna utafiti ulioripoti madhara yaliyosababishwa na mazoezi. Nayo mazoezi ya nchi kavu yana nafasi yake katika kujenga misuli. Kwa hiyo maji ni mlango wa kuingilia: yanamwezesha mtoto anayeogopa kusogea kuanza kusogea, kisha anapanda nchi kavu pole pole.

Wazazi wengine huniuliza kama mtoto wa namna hii anaweza kufika popote. Mtafuteni Alex Dowsett, Mwingereza mwenye hemofilia kali. Utotoni alikatazwa michezo ya kugongana, akapelekwa kuogelea. Baadaye akahamia baiskeli, na Mei 2015 aliendesha kilomita 52.937 kwa saa moja, rekodi ya dunia wakati huo. Nikimtaja, nitaje na sindano zake za fakta ya 8, alizodungwa kila baada ya siku moja. Watoto wetu wengi hawana dawa ya kiasi hicho. Sehemu kubwa ya dawa inayofika nchini ni msaada kupitia Shirikisho la Hemofilia Duniani, lililoanzishwa mwaka 1963 na Frank Schnabel, Mkanada aliyekuwa na hemofilia. Aprili 17 tunayoadhimisha ni siku yake ya kuzaliwa. Kliniki zinazojulikana zaidi ni za Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi kule Eldoret. Hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 300. Kwa mtoto aliye mbali hivyo na sindano, misuli yenye nguvu inayolinda goti si anasa.

Najua wengi hapa hawawezi kulipia hoteli kila Jumamosi. Lipo beseni. Maji vuguvugu, uyapime kwa kiwiko kama unayemwogesha mtoto mchanga, kwenye siku ambayo kiungo hakivuji. Mtoto aketi kwenye kiti, miguu ndani hadi juu ya vifundo. Ainue vidole, aviteremshe. Achore duara kwa mguu. Akusanye kitambaa kilichozama kwa vidole vya miguu. Mkono nao unaweza kuingia. Beseni si bwawa, na goti halipati faida ile ya kupunguziwa uzito, lakini kifundo kinapata kazi na mtoto anapata mazoea. Mtu mzima akae hapo hapo. Mtoto mdogo anaweza kuzama hata kwenye beseni.

Walimu, mtoto akiwa na barua ya daktari, msimwache amekaa kila kipindi cha michezo. Kandanda hapana, ndondi hapana. Kunyoosha viungo na kutembea uwanjani, ndiyo. Na asipewe adhabu ya kupiga magoti.

Neno kuhusu kaunti, kwa sababu najua litaulizwa. Sitawaahidi bwawa la tiba. Mimi ni msemaji, sitii saini hundi. Lakini nimehudhuria vikao vingi vya ushirikishwaji wa umma nikiwa na kamera. Nimesikia maombi ya barabara, ya masoko, ya taa. Sijawahi kusikia mtu akiomba bwawa la maji ya joto kwa tiba ya viungo. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kaunti iwasilishe mpango wake wa maendeleo wa mwaka kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kabla ya tarehe hizo maoni yenu yanapokelewa, kwa mdomo na kwa maandishi. Bwawa kama hilo halingekuwa la watoto wa hemofilia peke yao. Fikirieni waliopata kiharusi, wazee wenye magoti yaliyochakaa, na vijana waliovunjika miguu kwa ajali za bodaboda. Mkisimama pamoja, sauti itakuwa kubwa. Na nikiwa nimeshika kamera, nawaahidi nitairekodi.

Kabla ya kikao kuanza, magokoro mmoja alinishika mkono pale mlangoni. "Mwanangu, mto wetu hauna kiingilio. Kwa nini nisimpeleke mjukuu huko?" Nimemwahidi nitamjibu mbele ya wote. Magokoro, usimpeleke. Maji ya mto ni ya baridi, na baridi inakaza misuli. Mawe yake yanateleza, na kuanguka mara moja kunaweza kuvujisha goti ambalo limetulia kwa miezi. Mkondo unamlazimisha mtoto kukaza mguu ili asisombwe, wakati tunataka ausogeze taratibu. Mvua ikinyesha milimani, kina kinabadilika wewe ukiwa unafua. Gucha unaujua kuliko mimi.

Badala yake, tukimaliza hapa usiondoke. Chini ya hema la nje kuna mabeseni matatu, birika za maji moto na taulo. Wataalamu wataonyesha yale mazoezi ya vifundo, na watakagua kiungo cha kila mtoto kabla hajaingiza mguu. Wenye watoto waliovimba leo waje kwanza kwa muuguzi aliye kwenye meza ya kulia, wasipange foleni ya maji. Futi za fundi pia zipo, moja kwa kila familia.